Anaziba masikio kila akiwa na wenzake

Dada, umesema kijana wako wa miaka saba ana usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuchangamana na watu), na kwenye kundi la watoto la Jumamosi hapo Tabata anaziba masikio na kukimbilia mlangoni, hadi mwalimu anataka umtoe. Usimtoe. Ila watoto kumi na wawili chumba kimoja, na feni inaunguruma, ni wengi mno kwake kuanzia.

Mwombe mwalimu aanze na wenzake wawili tu, wapole. Kwa vile anapenda magari, wacheze daladala: mmoja dereva, mmoja konda, mmoja abiria, kisha wabadilishane. Humo kuna kungoja zamu, kulipa nauli, kudai chenji, kusema "Shusha!" kabla kituo hakijapita. Hao wawili nao waelekezwe: wamwite kwa jina, wampe kitu mkononi, halafu wangoje ajibu bila kumsemea. Walimu wengi wanaliruka hili, wanamkazania mtoto mwenye usonji peke yake kana kwamba kucheza ni kazi ya mtu mmoja.

Kabla ya kuanza aoneshwe picha za shughuli kwa mpangilio, ya mwisho iwe ya kurudi nyumbani. Wamtengee pia kona yenye mkeka, aende akizidiwa. Isigeuzwe adhabu.

Habari ya "nitazame machoni" achaneni nayo. Anaweza kukusikia vizuri tu huku anaangalia sakafu.

Kama hajaonwa na wataalamu, nenda Hospitali ya Muhimbili, ulizia tiba ya usemi na tiba kwa vitendo, yaani ya kumsaidia kumudu shughuli za kila siku.