Muulize Sonara: Pesa kuwa buli?

SWALI: Shikamoo, Mzee Sonara. Mwalimu wa historia ametufundisha habari za Paul Revere wa Boston, mfua fedha aliyepanda farasi usiku wa Aprili 1775 kuwaonya wenzake kuwa askari wa Mwingereza wanakuja. Anasema alikuwa akiyeyusha sarafu kutengeneza mabuli ya chai. Huko si kuchezea pesa? – Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lugha yetu imeshakujibu: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Babu yangu hapa Mombasa aliyeyusha reale za Maria Theresa akafua vikuku, na hakuna mteja aliyeshangaa.

Boston ya ukoloni haikuwa na benki ya kuweka akiba. Ukirundika dola za Kihispania sandukuni, mwizi akapita nazo, ndiyo basi. Utaitambuaje dola yako? Lakini buli lina umbo lake, uzito umechorwa kitakoni, herufi za jina la mwenyewe zimo, na chapa ya fundi: REVERE, ndani ya mstatili. Likiibwa, linajulikana. Shida ikibisha hodi, linapimwa na kurudi motoni. Mteja alilipia uzito wa fedha, na ufundi mbali.

Na ufundi huo una kazi! Fedha ukiifua inakakamaa, ukiilazimisha, inapasuka. Sharti uirudishe motoni ilainike, ufue tena, urudishe tena, mpaka bamba liwe tumbo la buli. Revere aliyapata hayo kwa baba yake, Mfaransa aliyefika Boston angali mtoto, akafunzwa na mfua fedha John Coney. Baba alifariki 1754, kijana ana miaka 19.

Mwaka 1768 Revere alifua bakuli la Wana wa Uhuru, kikundi cha kumpinga Mwingereza, wakia 45, kuwaenzi wabunge 92 wa Massachusetts waliokataa kuifuta barua ya kupinga kodi za Mwingereza. Miaka hiyo hiyo mchoraji Copley alimchora Revere ameshika buli lisilotiwa nakshi bado. Picha nzuri, ila meza inang'aa mno. Karakana gani hiyo isiyo na masizi?

Biashara ilipodorora alifunga watu meno ya bandia. Daktari Joseph Warren aliuawa vitani Bunker Hill, 1775. Maiti ilipofukuliwa mwaka uliofuata, Revere aliitambua kwa jino alilomfunga mwenyewe kwa waya. Chapa haikuhitajika.