Hamdam, programu ya posa ya Iran

Mnaouliza kama Iran ina programu ya simu ya kutafutia wachumba: ipo kweli, na ina kibali cha serikali. Inaitwa Hamdam, ilizinduliwa Julai 2021 na taasisi ya Tebyan, na televisheni ya taifa ya Iran yenyewe ndiyo iliyoitangaza. Si ya kutongozana: ni ya vijana wasio na ndoa wanaotafuta ndoa ya kudumu, mke mmoja, wala si ndoa ya muda. Unahakikiwa kitambulisho, unapimwa kisaikolojia, kisha familia zinakutanishwa mbele ya washauri. Hapo ndipo ninapoiheshimu, wazazi hawakuachwa nje. Ila msiichanganye na Muzz, programu nyingine ya Waislamu ya kutafuta mchumba. Hiyo ni ya kampuni binafsi ya London, na walii (msimamizi wa ndoa) hutumiwa nakala ya mazungumzo mtumiaji akitaka mwenyewe.