Maswali yenu: kusomea rezonansi ya sumaku ukitokea Lubumbashi

*Nimemaliza kemia hapa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. RMN (rezonansi ya sumaku ya nyuklia) tuliisikia darasani tu. Itanifaa nini katika mji wa migodi? (Kijana wa Kampemba)*

Itakufaa sana, ndugu yangu. Viini vya atomu nyingi ni visumaku vidogo. Ukiviweka ndani ya sumaku kali na kuvipigia mawimbi ya redio, kila kimoja hujibu kulingana na majirani zake. Sasa tazama bahati yetu: kobalti yote ya asili ni ya aina moja, kobalti-59, na RMN inaiona. Lithiamu nayo, zaidi ya asilimia 90 ni lithiamu-7, inaonekana vizuri. Kwa hiyo ukiwa na betri ya oksidi ya lithiamu na kobalti, ile iliyoanza kujulikana mwaka 1980, unaweza kuifuata lithiamu inavyohama wakati betri inachajiwa, bila kuipasua. Mawe yetu yanaishia humo. Natamani mno watoto wa mji huu wayajue mpaka huko ndani.

Ila usitegemee kila jiwe likupe mistari safi kwenye spektra, yaani mchoro wa majibu hayo. Shaba ya malakiti, lile jiwe la kijani, ina elektroni isiyo na mwenzake, nayo hutanua mistari ya RMN vibaya. Ndiyo maana programu nzuri ya masomo hufundisha pia RPE (rezonansi ya paramagneti ya elektroni), inayosikiliza elektroni za namna hiyo. Mwanafizikia Yevgeny Zavoisky aliigundua kule Kazan, Urusi, mwaka 1944.

*Mwanangu anataka kwenda kusomea mambo haya. Nimeona neno "nyuklia". Si kama urani ya mgodi wa Shinkolobwe? (Mama wa Katuba)*

Hapana, mama. Nyuklia hapa maana yake ni kiini cha atomu, basi. Hakuna mionzi ya urani. Hata IRM ya hospitali, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, inafuata kanuni hiyohiyo. Cha kuogopa ni sumaku yenyewe. Haizimwi jioni watu wakienda nyumbani, inavuta chuma kwa nguvu, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo asiikaribie. Inapozwa kwa heliamu ya nyuzi -269, na heliamu hiyo ikijaa chumbani inafukuza hewa ya kupumua. Mwambie asikilize vizuri mafunzo ya usalama.

*Huku sina mashine. Nisubiri?*

Usisubiri hata siku moja. Shika hesabu ya matriki, badiliko la Fourier, mekanika ya kwanta, na lugha ya kompyuta ya Python kidogo. SIMPSON ni programu ya bure inayokokotoa spektra kwenye kompyuta ya kawaida. Jiulize pia kwa nini sampuli ngumu huzungushwa kwa pembe (θ) ya digrii 54.7 kutoka uelekeo wa uga wa sumaku: tatua 3cos²θ = 1, utaipata mwenyewe kwa kalamu.

*Kiingereza changu ni kidogo.*

Kifaransa kinakufikisha mbali: Orléans na Lille zina maabara kubwa za RMN ya vitu vigumu. Makala nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo endelea kujifunza. Kabla ya kumwandikia profesa, soma makala zake mbili, kisha umwambie ni sampuli gani unataka kuichunguza na kwa nini. Usianze na kuomba bursi, yaani ufadhili wa masomo.