Mwalimu mpya, hofu ya mtihani haianzii kwenye chumba cha mtihani

Wewe uliyepangiwa Newala, Tandahimba au Nachingwea, karibu. Mada utazimudu. Utakachokutana nacho bila kuandaliwa ni kidato cha nne mwezi wa kumi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye bailojia anaanza kuumwa tumbo kila siku ya jaribio. Mwingine haishi kuomba ruhusa ya chooni. Kabla hujamwita mvivu, ulizia nyumbani kwao kukoje.

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne huangukia Novemba, na Novemba huku kwetu ni korosho. Mtoto anaokota alfajiri ndipo aje shule, jioni anasaidia kuanika. Hapo hapo baba anamkumbusha kwamba sare na daftari vimetoka kwenye magunia yale, asije akawaangusha. Baba hana nia mbaya, ila mtoto anaingia kwenye mtihani akiwa na deni la ukoo mzima kichwani. Msichana huwa na lake la ziada: keshasikia kwamba akipata sifuri, mchumba yupo.

Mwaka 1967 wanasaikolojia Liebert na Morris waliitenga hofu hii sehemu mbili: mwili kusisimka, yaani moyo kwenda mbio na viganja kulowa, na wasiwasi wa mawazo, yaani "nitafeli, watanicheka". Kinachokula alama zaidi ni wasiwasi, kwa sababu unakalia nafasi ile ile ya akili inayohitajika kukokotoa na kukumbuka. Ndiyo maana utamwona mtoto kashika biro, anarudia swali la kwanza tena na tena, karatasi nyeupe. Jasho lisikutishe, mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiingia darasani kwangu, mimi mwenyewe linanitoka.

Kumwambia "usiogope" hakumpunguzii kitu. Mzoeshe. Toa majaribio mafupi, kwa muda uliopangwa, madawati yakiwa yametenganishwa kama siku yenyewe. Wafundishe pia maneno ya kuulizia kwa Kiingereza, maana hawa walisoma msingi kwa Kiswahili, na wapo wanaojua jibu lakini hawajui kama wameambiwa wataje, wafafanue au walinganishe. Hofu nyingine ni hiyo tu.

Kuna desturi moja siipendi: kubandika matokeo ukutani kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho. Wenzangu wanasema inaleta ushindani. Labda kwa watatu wa juu. Anayeshika mkia haoni pa kuanzia, anaona aibu tu, na jaribio lijalo haji. Mimi humpa kila mtu karatasi yake mkononi, kisha tunakaa chini ya mwembe kutafuta alama zilizo karibu kuokotwa. Na paredi isiwe mahali pa kutabiri nani atapata sifuri.

Akiacha kula, akikosa usingizi siku nyingi, au akisema hatamani kuishi, hapo si kazi yako peke yako: siku hiyo hiyo mwone mwalimu wa ushauri nasaha, mpigie mzazi, mfikishe hospitali.

Kikao cha wazazi kiitishe mwezi wa nane. Waombe jambo moja, kwamba wiki za mtihani mtoto asiende shambani na usiku aachwe alale. Ukingoja mwezi wa kumi utaongea na viti. Wenyewe watakuwa chama cha msingi cha ushirika wakisubiri bei ya mnada wa korosho.