Meno yanayolika: jua kwanza kinachoyala

Jino likishalika, yaani likipunguzwa na asidi au kwa kusuguliwa, halioti upya. Enameli, tabaka gumu la nje, haina chembe hai ndani yake, na mwili hauwezi kuitengeneza tena. Kwa hiyo anayekimbilia kuzibwa kabla ya kujua kinachomla meno hupoteza pesa: baada ya muda ile sehemu iliyozibwa inabaki imeinuka, na jino lililoizunguka limeshuka. Chanzo hutangulia, matengenezo hufuata.

Chukua kioo, simama karibu na dirisha, uyatazame. Meno yanayoliwa na asidi hung'aa na kuwa laini mno, ncha za meno ya mbele huwa nyembamba hadi zinapitisha mwanga, na juu ya magego hutokea vishimo vidogo vyenye rangi ya njano. Ukiona ulikaji huo upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, upande wa kaakaa, asidi hiyo inatoka tumboni: kiungulia, au kutapika mara kwa mara. Mfereji ulio kando ya ufizi, hasa upande mmoja kuliko mwingine, mara nyingi ni kazi ya mswaki. Meno bapa ya juu na ya chini yanayokutana sawasawa, pamoja na taya linaloamka limechoka, ni dalili ya kusaga meno usingizini. Madoa meupe au ya kahawia yaliyokuwepo tangu utotoni ni jambo jingine. Kwenye maeneo ya volkano kama Kisoro, Uganda, hutokana na wingi wa floraidi katika maji, madini ambayo yakiwa kidogo huyalinda meno, na tiba yake haifanani na hii.

Tuseme zaidi juu ya asidi, maana hapo ndipo watu wengi wanaumia bila kujua. Enameli huanza kuyeyuka pH, kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Soda ya kola ina pH karibu na 2.5, limau lililokamuliwa bila kutiwa maji ni kali zaidi, na soda isiyo na sukari ni asidi vilevile. Kuliko kiasi unachokunywa, kinachoumiza zaidi ni muda. Mate huhitaji karibu nusu saa hadi saa nzima kurudisha kinywa katika hali yake. Dereva wa boda anayebeba chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu na kupiga funda moja moja tangu asubuhi hadi mchana hayapi mate nafasi hata mara moja. Angeimaliza chupa ileile kwa mkupuo, pamoja na chakula, meno yake yangesalimika zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa maji moto yenye limau ya kila asubuhi, juisi ya pasheni, na embe mbichi la chumvi na pilipili linalotafunwa polepole kutwa.

Kwa hiyo: vinywaji hivyo vinywe na mlo, vikiwa baridi, kwa mrija unaopita nyuma ya meno ya mbele, bila kuvizungusha mdomoni. Ukimaliza, sukutua kwa maji matupu. Usipige mswaki papo hapo. Subiri angalau nusu saa, saa nzima ni bora, kwa sababu enameli iliyolainika huondoka na mswaki. Maziwa mgando yasiyotiwa sukari usiyaogope: ni machachu, lakini kalsiamu yake inayalinda meno.

Mama mjamzito anayetapika asikimbilie mswaki. Koroga kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea katika glasi ya maji, usukutue na kutema. Mwenye kiungulia asilale kabla ya saa 3 kupita tangu ale, na atibiwe tumbo. Bila hivyo daktari wa meno atahangaika bure.

Mswaki uwe laini. Ushike kwa vidole kama kalamu, si kwa ngumi, ndipo nguvu zitakapopungua zenyewe. Soma pakiti ya dawa ya meno: floraidi iwe kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 na 1500. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Piga mswaki mara 2 kwa siku, moja iwe kabla ya kulala, kisha tema povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mkaa, majivu na mchanga hung'arisha kwa kukwangua enameli, acha kabisa. Mti wa mswaki si mbaya, mradi ncha itafunwe hadi iwe laini na usuguliwe kutoka ufizini kwenda kwenye ncha ya jino. Pamoja nao bado utahitaji dawa ya floraidi.

Meno yakishatia ganzi, yaani yakiuma yanapoguswa na baridi au kitu kichachu, anza na dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu. Usiku, ukishapiga mswaki, ipake kwa kidole penye maumivu na uiache. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo usiikatie tamaa siku ya tatu. Daktari anaweza pia kupaka vanishi (dawa inayogandia kwenye jino) ya floraidi ya sodiamu ya asilimia 5 na kuirudia baada ya miezi 3 hadi 6.

Mfereji wa kando ya ufizi huzibwa, ila kifuniko hudondoka kirahisi jino likiwa na mate au damu wakati wa kuziba, au mtu akiendelea kusaga meno. Penye unyevu, saruji ya glasi (glass ionomer) hushika vizuri kuliko kompositi, ile plastiki ngumu yenye rangi ya jino. Anayesaga meno achukuliwe kipimo cha meno na kutengenezewa kinga ngumu ya usiku. Kofia ya jino iwe ya mwisho, kwa sababu jino lililobaki huchongwa ili ikae.

Nchini Uganda, huduma ya meno ya serikali hupatikana kwa kawaida kuanzia kituo cha afya cha daraja la nne. Ukiambiwa jino ling'olewe kwa sababu limelika tu, bila usaha wala kulegea, uliza kwanza kama linaweza kuzibwa. Kisha omba lipigwe picha ya kamera, ili baada ya mwaka mmoja muone kama ulikaji umesimama.