Cheti cha kiwanja peke yake hakitoshi kujenga

Mama, uliuliza kama ukiwa na cheti cha kiwanja pale Kadutu, Bukavu, unaweza kuanza kujenga. Hapana. Cheti kinakupa haki juu ya kiwanja. Udongo wenyewe, kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973, ni wa Serikali. Wapi pa nyumba, wapi pa njia, wapi maji yapite, hayo ni mambo ya mpango wa mji, na mizizi yake ni dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, ya wakati wa Wabelgiji! Kabla ya kununua hata tofali moja, nenda urbanisimu, yaani ofisi ya mpango wa mji, wakuonyeshe kiwanja chako kwenye ramani, ndipo uombe ruhusa ya kujenga. Uliza sana kuhusu mfereji. Kwetu niliona ukuta uliojengwa juu ya mfereji: mvua ya usiku mmoja iliubeba pamoja na jiko la jirani.