Mkuu, hiyo geji ya ampia usiifunge

Weka spana chini kwanza. Unasema trekta yako ni ya zamani, dainamo (mtambo wa zamani wa kuchaji betri) ilishatolewa ikawekwa alternata (mtambo wa kisasa wa kazi hiyo hiyo) ya ampia 55, na sasa umenunua geji ya ampia, ile inayoonyesha mkondo wa umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, yenye kipimo cha 30 kila upande, uzibe lile tundu lililo wazi kwenye bodi ya geji mbele ya dereva. Unauliza waya uwe wa unene gani, taa ya geji ichukue umeme wapi, na kama geji ya joto la injini inaweza kukaa pembeni yake. Mimi nilifunga geji kama hiyo, kwenye trekta kama hiyo, na iliniunguzia nyaya zote pamoja na alternata katikati ya msimu wa kulima.

Aliyeniuzia aliniambia, "Geji ni geji tu, kata waya wa chaji, ipitishe katikati, basi." Nikamuuliza kuhusu fyuzi. Akasema geji ya ampia haiwekewi fyuzi, na kwamba zilikuja hivyo tangu kiwandani. Na kweli zilikuja hivyo! Ila zilikuja na dainamo. Dainamo za kampuni ya Lucas kwenye matrekta mengi ya enzi zile zilitoa ampia 11 hadi 22, kwa hiyo geji ya 30 ilikuwa inafanya kazi kwa raha. Huyo bwana alikuwa anajua nina alternata, maana aliniuzia yeye mwenyewe miezi michache nyuma. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mtu anayeuza vifaa vya umeme hawezi kukosa kujua namba iliyoandikwa kwenye kifaa alichouza kwa mkono wake.

Elewa kitu kimoja: geji ya ampia haisomi kwa kuchungulia. Mkondo wote wa chaji lazima upite ndani yake. Unatoka kwenye alternata, unapanda hadi kwenye bodi mbele ya uso wako, unapita kwenye bolti mbili ndogo nyuma ya geji, halafu ndiyo unarudi kwenye betri. Umeme wa stata tu ndio haupiti hapo. Sasa trekta inatetemeka kutwa nzima, na nati ya nyuma ya geji ikilegea hata kidogo, pale panakuwa na upinzani. Chukua upinzani wa omu 0.05 tu. Kwa ampia 20 hapo panatoka joto la wati 20. Kwa ampia 55 ni wati 151, kwenye nati ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Siku yenyewe betri ilikuwa imelala. Niliwasha kwa kuazima betri nyingine, nikaanza kulima alfajiri taa zote zikiwaka. Yaani alternata ilikuwa inatoa kila ilichonacho. Baada ya kama nusu saa nikasikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni mkanda. Kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye ukingo wa geji, kati ya kioo na bati. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka na shaba imegusa bati la bodi. Kutoka hapo haikuwa tena habari ya alternata. Betri nzima ilikuwa inajimwaga kwenye chasi kupitia ule waya, na hakuna fyuzi ya kuikatiza.

Nikazima ufunguo. Haikusaidia chochote, kwa sababu waya ule unatoka kwenye betri moja kwa moja bila kupitia kwenye swichi. Nikakimbilia betri, kichwa chake kimekazwa na spana sina. Injini bado inanguruma, maana dizeli hizi za zamani huzimwa kwa kuvuta kile kishikio cha kukata mafuta, na mimi kwa kuchanganyikiwa nilikuwa nimekisahau kabisa. Waya ukakatika wenyewe kwa kuungua wakati alternata bado inazunguka kwa kasi. Alternata inayochaji ikipoteza betri ghafla, volti zinaruka juu na kuua vifaa vyake vya ndani: daiodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na regulata, inayodhibiti volti. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Na tangi la dizeli liko pale pale chini ya boneti, upande wa pili wa bati lile. Siku ile hakuna mtu aliyeumia, na sitaki wewe ujaribu bahati hiyo.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja: mkondo wa chaji haupandi kwenye bodi. Uache utoke kwenye alternata uende kwenye betri kwa njia fupi, kwa waya mnene. Unachotaka wewe ni geji ya volti.

Geji ya volti inaunganishwa pembeni ya mzunguko. Inahitaji mkondo mdogo sana, kwa hiyo waya mwembamba unatosha. Chukua umeme baada ya swichi ya ufunguo ili isinyonye betri usiku, weka fyuzi ya ampia 2 au 3 pale pale unapochukulia umeme, na waya wa pili ufunge kwenye chuma safi cha injini, usiutegemee bati la bodi lenye rangi na kutu. Waya ukipita kwenye tundu la bati, vika tundu mpira.

Na inakwambia mengi zaidi. Injini ikiwa imezimwa na betri imetulia, volti 12.6 maana yake imejaa. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, betri imechoka. Injini ikinguruma unataka kuona 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12 na kushuka, alternata haichaji. Ikipita 15, regulata imeharibika na betri inachemshwa. Ile ya ampia baada ya dakika chache za chaji nzuri inarudi karibu na sifuri, na watu wanaanza kufungua alternata isiyo na ubaya wowote.

Kabla ya yote hakikisha ni upande gani wa betri umefungwa kwenye chasi. Matrekta mengi ya zamani yalitoka na chanya kwenye chasi, na aliyeweka alternata alipaswa kugeuza. Usimwamini, angalia mwenyewe.

Kama umeshazikata nyaya kwa ajili ya hiyo geji, usiziache zikining'inia. Fungua waya wa betri wa chasi kwanza, halafu ziunge hizo ncha mbili kwa bolti, kaza sawasawa, funika vizuri. Usiwashe injini kabla hazijaungana, utaua alternata kama nilivyoua yangu. Na kabla hujagusa chochote, piga picha ya nyuma ya bodi uiweke hapa, nione waya wa chaji umepita wapi.